Chamcha kabla ya mechi: Baa za Fulham, viwanja vitatu na marafiki mezani

SAA sita mchana ya Jumamosi ya mechi, barabara ya Fulham Road jijini London huanza kubadilika rangi. Watu waliojifunga skafu za buluu hutoka katika kituo cha treni cha Fulham Broadway, wawili wawili na watano watano, lakini wengi wao hawaendi uwanjani moja kwa moja. Wanaelekea mezani.

Mechi itaanza saa tisa alasiri. Muda uliosalia ni wa kula, kunywa na kubishania kikosi, na mahali pa kufanyia hayo yote ni nyumba ambayo Waingereza huiita pub, jina ambalo asili yake ni nyumba iliyo wazi kwa watu wote.

Kwa Kiswahili cha kila siku nyumba hiyo ni baa. Hata hivyo, baa ya Kiingereza ina mapana kuliko jina hilo linavyodokeza. Ni mkahawa, ni sebule ya mtaa, na tangu zamani imekuwa ukumbi wa mikutano. Aghalabu mtoto aliyeandamana na wazazi wake huruhusiwa kuketi humo akala, na anayeagiza soda hatazamwi kwa jicho la kushangaa.

Magharibi mwa London nyumba hizi zina uzito wa aina yake. Wilaya ya Hammersmith and Fulham pekee ina viwanja vitatu vya klabu za soka ya kulipwa: Stamford Bridge wa Chelsea, Craven Cottage wa Fulham, na Loftus Road wa Queens Park Rangers. Katika wilaya hiyo hiyo imo baa ya kwanza ya London kutunukiwa nyota ya Michelin, tuzo ambayo mikahawa ya kifahari duniani huililia.

Kandanda na chakula cha kifahari vimekuwa majirani. Swali ambalo wenyeji hujiuliza ni iwapo shabiki wa kawaida na rafiki zake bado wana nafasi mezani.

Klabu iliyozaliwa baani

Uga wa Stamford Bridge ulifunguliwa Aprili 28, 1877, ukiwa uwanja wa riadha. Mwaka 1904 uliingia mikononi mwa ndugu wawili, Gus na Joseph Mears, ambao walitaka uchezewe kandanda.

Jirani yao wa karibu alikuwa klabu ya Fulham, iliyoasisiwa mwaka 1879 na kuhamia Craven Cottage mwaka 1896. Akina Mears waliwaalika Fulham wahamie Stamford Bridge, ila pande hizo mbili hazikuafikiana kuhusu kodi.

Gus Mears alikata tamaa, akawaza kuiuzia ardhi hiyo kampuni ya reli ya Great Western. Kuna simulizi mashuhuri katika historia ya Chelsea kwamba mshirika wake, Frederick Parker, alipokuwa akijaribu kumshawishi asiuze, aliumwa mguu na mbwa wa Mears. Parker hakughadhabika. Inasimuliwa kwamba utulivu huo ndio uliomfanya Mears aamini ushauri wake.

Machi 10, 1905, klabu mpya iliundwa katika chumba cha ghorofani cha baa iliyoitwa The Rising Sun, inayotazamana na lango la uwanja. Baadaye baa hiyo iliitwa The Butcher's Hook. Kwa hivyo, shabiki aliyekuwa akila chamcha humo kabla ya mechi alikuwa ameketi katika nyumba ambamo klabu yake ilizaliwa.

Chelsea si klabu ya pekee yenye nasaba ya namna hiyo. Shirikisho la Soka la Uingereza, FA, liliundwa Oktoba 26, 1863 katika baa ya Freemasons' Tavern, London. John Houlding, aliyeasisi Liverpool mwaka 1892, alikuwa mwenye kiwanda cha bia. Naye John Henry Davies, aliyeinusuru Newton Heath mwaka 1902 ilipokuwa karibu kufilisika na ikaitwa Manchester United, alikuwa tajiri wa biashara hiyo hiyo.

Hakuna ajabu katika hilo. Enzi hizo mfanyakazi wa kawaida hakuwa na ofisi wala ukumbi wake. Chumba chenye joto, viti na meza kubwa alikipata baani, na wenye baa nao walijua fika kwamba timu iliyo karibu huleta wateja.

Kwa nini saa tisa?

Desturi ya kula kwanza kisha kwenda uwanjani ina mizizi katika sheria za kazi. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliagiza kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wakome kufanya kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Kwa kuwa mitambo haikuweza kuendeshwa bila wao, wanaume pia walinufaika, na kidogo kidogo nusu siku hiyo ya mapumziko ikaenea kwingine.

Mfanyakazi alipata mshahara wake, akala, akanywa, kisha akaenda kutazama mpira. Saa tisa ikawa saa ya kandanda.

Sheria za pombe nazo zilichangia. Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, baa za Uingereza zililazimika kufunga milango kwa saa kadhaa kila alasiri. Shabiki aliyemaliza kula alitolewa nje karibu na wakati wa mechi, akawa hana pa kwenda ila uwanjani. Ni mwaka 1988 ambapo sheria iliruhusu baa za Uingereza na Wales kuwa wazi mchana kutwa, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tano usiku, siku zote isipokuwa Jumapili.

Siku hizi televisheni ndiyo hupanga saa. Mechi inaweza kuanza saa sita u nusu mchana ya Jumamosi au jioni ya Jumapili. Inapoanza saa sita u nusu, chamcha hugeuka kuwa staftahi, na wapishi wa baa za karibu hulazimika kuwasha majiko alfajiri.

Kanuni moja ya zamani ingali imara. Kati ya saa nane na dakika 45 mchana na saa kumi na moja na robo jioni siku ya Jumamosi, mechi za soka haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja katika televisheni za Uingereza. Marufuku hayo yalianza miaka ya 1960 kwa hofu kwamba watu wangebaki majumbani na kuziacha klabu ndogo bila watazamaji.

Matokeo yake ni kioja. Mteja aliyeketi katika baa iliyo hatua chache kutoka Stamford Bridge hawezi kihalali kuitazama mechi ya saa tisa inayochezwa ng'ambo ya barabara, ilhali shabiki aliye Nakuru au Mombasa huitazama akiwa ametulia. Kwake huwa ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, kulingana na majira ya Uingereza.

Kinachopakuliwa

Mlo mkuu wa baa ya Kiingereza ni nyama choma ya Jumapili. Hii si nyama choma ya Kenyatta Market wala Kiamaiko. Pande kubwa la ng'ombe, kondoo au nguruwe huokwa katika tanuri, likakatwa vipande vyembamba na kuandaliwa pamoja na viazi vilivyookwa kwa mafuta, mboga na mchuzi mzito.

Nyama ya ng'ombe huambatana na kitu kiitwacho Yorkshire pudding. Mgeni hudhani ni pudini tamu ya kumalizia mlo, kumbe ni uji mzito wa unga, mayai na maziwa ulioumuka tanurini hadi ukawa kama kibakuli chenye shimo katikati. Shimo hilo ndilo hutiliwa mchuzi.

Siku ya Jumamosi milo huwa ya haraka zaidi: samaki na chipsi, pai ya nyama, au sahani ya mkate, jibini na achari ambayo Waingereza huiita mlo wa mkulima. Wengi huamini kwamba sahani hiyo ni urithi wa kale. Ukweli ni kwamba mkate na jibini ni chakula cha tangu jadi, ila jina hilo lilivumishwa na wauzaji wa jibini na maziwa katika miaka ya 1950 na 1960 ili bidhaa zao zinunuliwe baani.

Kipo pia kitafunio cha Scotch egg, yaani yai la kuchemsha lililofunikwa kwa nyama ya kusaga, likaviringishwa katika chembe za mkate na kukaangwa. Msomaji Mwislamu anapaswa kuwa mwangalifu hapa, kwani nyama hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe. Aidha, baadhi ya baa hukaanga chipsi kwa mafuta ya wanyama. Si utovu wa adabu kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza, na baa nyingi huandika wazi vyakula visivyo na nyama.

Nyota yashuka Fulham

Kwa miaka mingi chakula cha baa kilikuwa cha kubahatisha. Viwanda vikubwa vya bia ndivyo vilivyomiliki maelfu ya baa, na hamu yao ilikuwa kuuza bia. Mwaka 1989 serikali iliagiza viwanda vyenye baa zaidi ya 2,000 vilegeze umiliki huo. Baa nyingi ziliuzwa au zikakodishwa, na wapishi vijana wasio na mtaji wa kufungua mikahawa wakapata mlango wa kuingilia.

Mwaka 1991 David Eyre na Michael Belben waliichukua baa ya The Eagle katika eneo la Clerkenwell, London. Waliacha viti na meza za kawaida zisizo na vitambaa, wakaweka jiko nyuma ya kaunta na kuandika menyu ubaoni. Chakula kilikuwa cha mkahawa mzuri, ilhali mahali palibaki baa. Mtindo huo ulipewa jina la gastropub na ukaenea kote nchini.

Sheria ya kupiga marufuku uvutaji sigara ndani ya majengo ya umma, iliyoanza kutekelezwa England Julai 1, 2007, iliusukuma mtindo huo mbele zaidi. Moshi ulipotoweka, harufu ya jikoni ilianza kuvuta wateja.

Mwaka 2008 baa ya The Harwood Arms ilifunguliwa upya katika barabara tulivu ya Walham Grove, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Fulham Broadway na uga wa Stamford Bridge. Miongoni mwa walioianzisha walikuwa Brett Graham, mpishi wa mkahawa maarufu wa The Ledbury, na Mike Robinson, mpishi ambaye pia ni mwindaji.

Sifa ya baa hiyo ilijengwa juu ya nyama za porini, hususan kulungu, na hata Scotch egg yake ilitengenezwa kwa nyama hiyo. Kwa Mkenya, ambaye nchi yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hilo ni jambo la kustaajabisha. Nchini Uingereza kulungu wamekuwa wengi kiasi cha kuharibu misitu na mashamba, na kuwawinda kwa mujibu wa sheria ni sehemu ya kuwapunguza.

Katika mwongozo wa mwaka 2010 Michelin iliipa The Harwood Arms nyota moja. Hakuna baa nyingine ya London iliyokuwa imewahi kuipata.

Adabu za mezani

Anayealikwa chamcha katika baa ya namna hii hana budi kujua mila kadhaa.

Kwanza, katika baa ya kawaida mteja ndiye huenda kwenye kaunta kuagiza na kulipa. Anayeketi akingoja kuhudumiwa anaweza kungoja hadi mechi iishe. Katika baa za kifahari huwa kuna wahudumu, na meza huwekwa mapema, hasa siku za mechi.

Pili, vinywaji hununuliwa kwa zamu. Rafiki mmoja huwanunulia wote mezani, kisha mwingine, hadi zamu iwazungukie. Asiyekunywa pombe naye huingia katika zamu hiyo, kwani kinachohesabiwa ni ukarimu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; hata hivyo, mwenye kukwepa zamu yake hukumbukwa msimu mzima.

Tatu, bakshishi haitolewi kwa kila kinywaji kinachonunuliwa kwenye kaunta. Mkahawa wenye wahudumu aghalabu huongeza ada ya huduma katika bili, na katika London asilimia 12.5 ni ya kawaida.

Nne, rangi zina maana. Siku ya mechi baadhi ya baa zilizo karibu na uwanja huwapokea mashabiki wa nyumbani pekee, na mlinzi mlangoni anaweza kudai kuona tiketi. Mgeni asiye na upande hufanya vyema kuvaa nguo zisizo na nembo.

Tano, na hili ni la kisheria, kinywaji huishia mbali na nyasi. Sheria ya mwaka 1985, iliyotungwa wakati fujo za mashabiki zilipokuwa zimekithiri, inakataza kunywa pombe mahali mtu anapoweza kuiona mechi katika viwanja vya soka vya England na Wales, na pia inakataza kuingia uwanjani ukiwa mlevi. Mashabiki wa raga na kriketi hawabanwi na sheria hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya mashabiki wa soka kujaa baani kabla ya mechi.

Kenya nayo ilitunga kanuni zake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, iliagiza kwamba baa za kawaida ziuze pombe kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu, hadi saa tano usiku. Chini ya kanuni hizo, chamcha ya Kiingereza yenye bia saa sita mchana isingewezekana katika baa ya kawaida ya Nairobi.

Ni nani aliyebaki mezani?

Mabadiliko yaliyoleta chakula kizuri yalileta pia bei yake. Baada ya mkasa wa Hillsborough wa mwaka 1989, ambapo mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha, serikali iliamuru viwanja vikubwa viwe na viti vitupu, bila maeneo ya kusimama. Ligi Kuu ilianza mwaka 1992 na fedha za televisheni zikamiminika. Viwanja vikawa salama zaidi, ila tiketi zikapanda bei. Kelele za mashabiki zilichangia klabu za Ligi Kuu kukubaliana kwamba tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni isizidi pauni 30.

Baa nazo zinapungua. Mwanzoni mwa karne hii Uingereza ilikuwa na baa zipatazo 60,000. Katika miaka ya 2020 zimesalia takriban 45,000. Kodi, gharama ya umeme na bei ya ardhi zimewalemea wenye baa, na katika mtaa kama Fulham, ambako nyumba ni ghali mno, jengo lenye thamani zaidi likiwa makao hushawishi kugeuzwa makao.

Ndiyo maana hata baa ya kifahari ina watetezi. Chakula chake ni ghali kwa shabiki wa kawaida, lakini mapato ya jikoni ndiyo huiwezesha kulipa kodi na kubaki wazi. Wapinzani nao husema nyumba ya watu wote inayohitaji meza kuagizwa wiki kadhaa mapema imeacha kuwa ya wote. Pande zote mbili zina hoja.

Kilicho hatarini kinaonekana dhahiri mashariki mwa jiji hilo. Klabu ya West Ham iliuacha uga wake wa Upton Park mwaka 2016, na uga huo ukabomolewa kupisha nyumba za makazi. Baa ya The Boleyn Tavern, iliyokuwa ikifurika kila siku ya mechi, ilipoteza umati huo kwa mara moja. Hatimaye ilifungwa, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2021, ikiwa baa ya mtaa usio na uwanja.

Chelsea ina kinga ambayo klabu nyingi hazina. Tangu miaka ya 1990 ardhi ya Stamford Bridge, pamoja na jina la klabu, vimekuwa chini ya kampuni ya Chelsea Pitch Owners, ambayo wenye hisa wake wengi ni mashabiki. Mwaka 2011 klabu iliomba kuinunua tena ardhi hiyo, lakini kura zilizohitajika hazikupatikana. Mjadala wa ama kuujenga upya uwanja ama kuhama ungalipo, na wenye baa za Fulham Road huufuatilia kwa makini sawa na wachezaji.

Ifikapo saa nane na nusu, sahani huondolewa na bili hugawanywa. Wenye tiketi huvaa makoti na kuondoka, na wasio na tiketi husalia mezani. Bao likifungwa hawatalitazama, kwa kuwa sheria ya televisheni imewafungia. Watasikia mngurumo ukivuka paa za nyumba, kisha watasubiri wenzao warudi kuwasimulia aliyefunga, huku zamu ya kununua vinywaji ikiendelea pale ilipoachwa.